Neno Nililolikimbia Nikiwa Nimekubeba Mgongoni

Mosocho, Jumapili jioni

Kemunto mwanangu,

Sanduku lako liko karibu na mlango, nawe umekwenda kuwaaga wenzako wa kwaya. Nimeona niandike kabla hujarudi, kwa sababu ukirudi tutaanza habari za sweta na sabuni na nani atakupokea, na hayo yote unayajua. Umejipikia na kujifulia tangu darasa la tano. Sina la kukufundisha huko.

Naandika Kiswahili kwa kuwa ndicho nilichofundishwa kuandika kwenye darasa la watu wazima. Ekegusii nakisema vizuri zaidi, lakini kalamu yangu haijakizoea. Ukikuta makosa, yasahihishe kimyakimya kama unavyofanya siku zote.

Leo baada ya misa, Mama Bosibori aliniuliza mbele ya watu, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Kwamboka, umekosa kazi nyingine ya mtoto wa kike mpaka umpeleke jela?"

Watu wakacheka. Nikamwambia, "Sikumpeleka. Ameomba mwenyewe, wakamtazama, wakamchukua."

Sikuona haya hata kidogo. Lakini njiani nikirudi nilikumbuka neno moja la Kiingereza ambalo utalisikia kila siku kwenye hiyo kazi ya kulinda wafungwa. Neno lenyewe ni "custody." Sisi tulilitamka kastodi, na hivyo ndivyo nitakavyoliandika. Nataka ulipate kwangu kabla hujalipata kwa wakubwa wako wa kazi, kwa sababu mimi na wewe tuliwahi kulikimbia mpaka Gesima. Wajomba zako hukueleza kile kipande cha kuchekesha. Kilichobaki sijawahi kukueleza vizuri.

Kastodi nililijua kwanza kwa mjomba wako Ombati. Alikuwa kijana wa fujo. Siku moja walipigana uwanjani Kisii baada ya mpira, akamvunja mtu meno, polisi wakamchukua. Mimi na nyanya yako tulimpelekea chakula tukiwa tumekifunga kwenye jani la mgomba. Askari wa mapokezi hakuinua hata uso.

"Ombati? Yuko kastodi."

Nyanya yako akauliza atarudi lini.

"Mama, nimekwambia yuko kastodi."

Tulipotoka nje, nyanya yako aliniuliza kama Kastodi ni mbali kuliko Kericho, na kama mtu akitoka asubuhi anaweza kufika kwa miguu. Alidhani ni mji. Kumbe Ombati alikuwa nyuma ya ukuta uleule, pengine anasikia sauti zetu. Alipotoka alikuwa amekonda, mkono mmoja umevimba, na mpaka alipooa hakuweza kulala mlango ukiwa umefungwa. Basi mimi nikaliweka neno lile kichwani na maana yake: ni pale wanapokutia, wakafunga, na mama yako akaambiwa hivyohivyo bila kuangaliwa usoni.

Baba yako alifariki akiwa kazini kwenye mashamba ya chai kule Kericho, wewe ndiyo unaanza kutembea. Matanga yalipokwisha, baba yako mkubwa Omwenga alinieleza kwa upole kwamba kuna ndugu wa ukoo atakayenichukua, ili nibaki pale nyumbani Nyamarambe. Ndiyo desturi, na hakunitukana. Nilikataa. Yule mtu nilimheshimu, lakini sikumtaka. Nikakaa muda nikivumilia maneno, halafu nikakufunga mgongoni nikarudi hapa Mosocho kwa baba yangu.

Omwenga akatufuata. Alisimama uani, mtu mrefu vile, na ile sauti yake inayofika ng'ambo ya mto.

"Wewe ukitaka kwenda, nenda," akasema. "Mtoto ni wetu. Ng'ombe wetu wa mahari bado wako kwenye boma la baba yako."

Kwa desturi zetu hakusema uongo, na ndiyo maana niliogopa. Wazee walikaa, wakashindwa kukubaliana, mwishowe Omwenga akapeleka shauri kortini Kisii. Uhuru ulikuwa bado mpya. Hakimu alikuwa mtu wa kutoka mbali, akisema Kiingereza, na kando yake alisimama mkalimani, Mzee Nyakundi, mtu mwembamba aliyefunga miwani yake kwa uzi. Kila hakimu alichosema, yeye alikigeuza Ekegusii, na kila tulichosema, alikigeuza Kiingereza.

Siku ya uamuzi chumba kilijaa. Wewe ulikuwa umelala mgongoni mwangu, mkubwa wa kubebwa tayari, miguu inaning'inia. Hakimu alisoma kwa muda mrefu bila kusimama. Mimi Kiingereza nilijua maneno machache ya kuokota. Nikasikia la mtoto. Nikasikia la mama. Halafu nikasikia, wazi kabisa, kastodi.

Mtoto, mama, kastodi. Mwanangu, nikajua wanatutia ndani. Hapohapo askari mmoja wa korti aliyesimama karibu na dirisha akaanza kuja upande wetu. Baadaye niliambiwa alikuwa anakwenda nje kuita watu wa kesi iliyofuata. Mzee Nyakundi alikuwa amekwisha kusafisha koo ili ageuze maneno yale. Ningengoja kidogo tu, kiasi cha mtu kumeza mate, maisha yetu yangekwenda njia nyingine mwaka ule.

Sikungoja. Nilipenya katikati ya watu, nikatoka nje, nikapita kwa mafundi cherehani, nikapita sokoni, nikisikia nyuma yangu mtu anaita "We mama! We mama!" Kila alipoita niliongeza mbio. Ulipoamka ukaanza kucheka, ukidhani tunacheza.

Nje ya mji nikakuta lori lililotoka kupeleka pareto, linarudi tupu upande wa Nyamira. Dereva alitupandisha nyuma. Vumbi la pareto lilikupigisha chafya njia nzima. Giza lilipoingia tulikuwa Gesima, mlangoni kwa shangazi yangu Bochaberi. Alitazama miguu yangu, akanitazama usoni.

"Umeiba nini?"

"Nimemwiba mtoto wangu mwenyewe," nikamwambia.

Akatuingiza, akatupa ugali na mboga za chinsaga, hakuuliza tena mpaka tuliposhiba.

Hapa sasa ndipo wajomba zako hukatiza hadithi, kwa sababu kinachofuata hakichekeshi. Wewe mwenyewe ulikuwa mdogo. Sijui umebaki na kiasi gani.

Gesima ni mahali pa baridi, na asubuhi ukungu hukaa juu ya chai mpaka unadhani hakuna dunia nje ya boma. Mimi niliupenda ukungu ule, kwa sababu ulituficha. Niliwaza kwamba polisi watakuja, kwa hiyo nikaweka sheria zangu. Usitoke mchana. Usiimbe. Mtu akipiga hodi, ingia nyuma ya kapu la kuchumia chai. Ukitaka kusema, sema hivi, nikakuonyesha kunong'ona. Siku za kwanza ulilia, ukataka kutoka, nikakuzuia mlangoni kwa mwili wangu. Halafu ukaacha kulia, nami nikamshukuru Mungu kwamba umekuwa mtulivu. Kwenye ukuta wa udongo kulikuwa na ufa, nawe ulikaa hapo, jicho limebandikwa, ukinihadithia kwa kunong'ona kuku anafanya nini.

Shangazi aliniambia mara moja tu, tukichambua mboga, "Huyu mtoto unamficha asionwe na nani?"

"Na wale watakaomfunga."

Akaendelea kuchambua. "Sawa," akasema, "maana mimi naona amekwisha kufungwa, nikadhani labda hao walikuja nikiwa shambani."

Nilimkasirikia sana, mwanangu. Nilikaa siku mbili bila kumsemesha zaidi ya salamu, ndani ya nyumba yake na chakula chake nikila.

Mchana mmoja nilikuwa nachota maji. Niliporudi nikakuta upepo umeufungua mlango wote. Watoto wa jirani walikuwa uani na mpira wao wa majani ya mgomba, wanakuita. "Njoo! Njoo tucheze!" Mlango uko wazi, hakuna mtu wa kukuzuia. Nawe umesimama kizingitini, vidole vya miguu upande wa ndani, hakuna hata kimoja kilichovuka. Ukawajibu kwa kunong'ona, wala wao hawakusikia, mimi ndiye niliyesikia kwa sababu nilikuwa karibu.

Ulisema, "Siwezi. Mimi ni mtoto wa ndani."

Niliutua mtungi chini. Nilikutazama pale kizingitini nikaona Ombati alivyokuwa siku ile alipotoka, ila yeye walimfunga watu wengine.

Jioni hiyo nikamwambia shangazi kwamba kesho narudi Kisii.

"Na wakikufunga?"

"Wanifunge wao. Mimi kazi hii imenishinda."

Akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia sina hakika ya kitu chochote isipokuwa kwamba mtoto atatoka humu ndani. Alinipa shali yake nzito na ndizi za kuchemsha, akatusindikiza mpaka barabarani. Wewe ulikataa kushuka mgongoni, na mwanga wa jua ulikuumiza macho.

Tulimkuta Mzee Nyakundi kwenye veranda ya korti akinywa chai. Nikamwamkia, nikasimama mbele yake kama askari.

"Mzee, nimekuja mwenyewe. Naomba jambo moja tu. Mtufunge mahali pamoja, msinitenge na mtoto."

Alishusha kikombe. Akanitazama, akakutazama wewe, akanitazama tena.

"Wewe si yule mama aliyekimbia akiwa ameshinda?"

"Nimeshinda nini?"

"Kesi! Hakimu alisema mtoto akae nawe. Nikageuka nikueleze, nikakuta unapaa."

"Alisema kastodi," nikamwambia. "Nilisikia kwa masikio yangu. Mtoto, mama, kastodi."

"Ndiyo. Alisema kastodi ya mtoto apewe mama."

"Kastodi ni selo, chumba cha kufungia watu!"

"Selo ni ya polisi. Kaa chini, mama. Kaa." Akanisogezea kibao. "Neno hili Waingereza wanalitumia mahali pawili. Mwizi akishikwa, yuko kastodi, maana yake yuko mikononi mwa polisi na polisi watajibu wakiulizwa yuko wapi. Mtoto akipewa mama yake, yuko kastodi ya mama, maana yake yuko mikononi mwake, naye ndiye atakayejibu."

"Neno moja litawezaje kufunga mwizi na kulea mtoto?"

"Hilo ukimpata Mwingereza umuulize," akasema. "Mimi nalipwa kugeuza, silipwi kutengeneza."

Nilicheka, halafu nikalia, halafu nikataka kujificha. Lakini Mzee Nyakundi hakuwa amemaliza. Omwenga alikuwa amerudi kortini na kusema kwamba nimetoroka na mtoto, kwamba mwanamke wa kukimbia hovyo hafai kulea. Baba yangu alikuwa ameitwa na chifu kuulizwa nilipo, naye kwa kweli hakujua. Shauri lingesikilizwa upya baada ya siku chache. Nisingefika, ungechukuliwa.

Basi nikafika. Safari hii sikukubeba mgongoni, nilikushika mkono.

Omwenga alisimama akanyoosha kidole. "Mtazameni mtoto wa ndugu yangu," akasema. "Alipotoka kwangu alikuwa anapiga kelele kama watoto wote. Muulizeni jina muone."

Hakimu akakuuliza jina. Ukanong'ona. Akakuuliza tena, ukanong'ona, mpaka ikabidi Mzee Nyakundi ainame sikio likaribie mdomo wako. Nilimwona Omwenga usoni, na nilitarajia kuona furaha, lakini haikuwepo. Alikuwa na huzuni ya kweli. Hapo ndipo nilipojua kwa mara ya kwanza kwamba yule mtu alikuwa anakutaka kwa sababu ulifanana na ndugu yake.

Nikaomba kusema.

"Anachosema shemeji ni kweli. Nilimfungia mtoto ndani kwa sababu nilidhani mmesema atafungwa. Sikungoja kuelezwa. Sasa nimekuja kuuliza: nikipewa mtoto kwa neno hili kastodi, natakiwa kufanya nini?"

Mzee Nyakundi aligeuza. Hakimu aliweka kalamu chini, akajibu polepole, akitaja kimoja baada ya kingine, nami nikangoja mpaka neno la mwisho kabisa likageuzwa. Nikulishe. Nikuvishe. Nikutibu ukiugua. Nikupeleke shule. Nisiwanyime watu wa baba yako kukuona.

"Na mlango?" nikauliza.

Hakimu alitaka kujua ni mlango gani.

"Hapana," nikasema. "Basi. Nimeelewa."

Ukabaki kwangu, na Omwenga akapewa ruhusa ya kuja kukuona kila mwezi.

Hukuacha kunong'ona siku ile, wala mwezi ule. Nilikuwa nimeanza kuuza ndizi hapa sokoni, nikawa nakuja nawe, nakukalisha juu ya gunia. Sikukulazimisha. Niliita mimi mwenyewe, "Ndizi! Ndizi tamu!" kutwa nzima, hata pasipokuwa na mteja, mpaka wanawake wenzangu wakaniambia nitapasuka koo. Siku moja nikiwa nahesabu chenji ya mtu, nikasikia nyuma yangu kitu kama mlio wa ndege. "Ndizi!" Wanawake wote waligeuka. Ukaogopa, ukajificha kwenye sketi yangu. Halafu yule Mama Bosibori, huyohuyo wa leo kanisani, akaja akasema, "Nani aliyeniita? Nauliza, nani aliyeniita? Nataka ndizi kwa yule aliyeniita." Kwa hiyo msamehe maneno yake ya leo. Namjua toka zamani.

Na baba yako mkubwa, nitakwambia alivyokuja mara ya kwanza. Alikaa kwenye kiti uani kama mtu aliyekuja kwenye matanga, kofia magotini. Wewe ulisimama mbali ukamwambia kitu kwa kunong'ona. Nikangoja atumie ile sauti yake. Badala yake aliinama, mtu mrefu vile, akakujibu kwa kunong'ona. Mlizungumza hivyo wawili mpaka chai ikapoa, mimi nisisikie hata neno moja. Tangu siku hiyo sikuweza tena kumchukia, ingawa nilijaribu mara kadhaa.

Sikuandikii haya ili unihurumie. Nimekuwa na maisha mazuri. Tangu Gesima nimekuwa mtu wa kuuliza. Wachuuzi wa jumla wakija na maneno yao makubwa, nawaambia, "Hilo lina maana gani?" na nakaa pale nikingoja, nao wanaona nimekuwa mjinga, na mimi naendelea kungoja. Lile nisilolijua kabisa halijanidhuru sana, kwa sababu lazima niliulize. Lililoniumiza ni lile nililokuwa nimekutana nalo mahali pamoja nikadhani nimelimaliza.

Wewe sasa ndiye utakayekaa mapokezi. Sitakudanganya kwamba walioko ndani ni watu wema wote. Ombati alimvunja mtu meno kweli, na yule mtu hula kwa upande mmoja mpaka leo. Wafunge wanaopaswa kufungwa. Lakini atakuja mama na chakula chake, amevuka mito, hajui Kiingereza, na hata Kiswahili kinamsumbua. Inua uso wako umwangalie. Mweleze binti yake yuko chumba gani, anakula nini, ataonekana siku gani, na ungoje mpaka uone kwamba amekuelewa. Ukiulizwa na wakubwa kwa nini umechelewa, waambie ndiyo kazi.

Na ukiona umeanza kupenda ukimya wa watu unaowalinda, rudi nyumbani kidogo upumzike. Mimi niliupenda ukimya wako, na sikujua ulikuwa ugonjwa.

Najua utaiweza kazi hii. Sisemi kwa kuwa ni mama yako. Nimekuona ukiwapatanisha wachuuzi waliogombana, nimekuona ukimkatalia mwalimu mkuu kwa adabu mpaka akakubali. Ninakwenda kulala bila wasiwasi.

Jambo la mwisho. Jana ulipokuwa mtoni, Omwenga alipita hapa kutoka Nyamarambe. Miguu yake si ile ya zamani, alikaa kwanza akapumua. Akauliza basi linatoka saa ngapi. Nikamwambia asisumbuke, vijana wa hapa watakusindikiza.

"Sanduku la binti yetu nitalibeba mimi," akasema.

Alisema "yetu." Kuna wakati neno hilo lingenitoa kwenye kiti. Jana nilimuuliza tu kama atakunywa chai hapa nyumbani au tumchukulie kwenye chupa. Akasema hapa. Kwa hiyo asubuhi utamkuta amekaa uani, kofia magotini. Sanduku ni zito, najua, nawe una nguvu kuliko yeye. Mwache alibebe.

Mama yako anayekuamini,
Kwamboka